Unene, homoni na seli za kinga: yanayoaminiwa kuhusu saratani na yaliyo kweli

Katika soko la Kibuye mjini Kisumu, kama ilivyo Nakuru na Kakamega, kumwambia mtu aliyepotea kwa miezi kadhaa kwamba amenona ni kumpongeza. Pongezi hiyo ina historia yake, kwani katika miaka ambayo ukimwi uliua watu wengi kandokando ya Ziwa Victoria na dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwa adimu, kilichoogopwa ni kukonda, na mwili mnene ukawa ushahidi wa uzima. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba theluthi moja ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Haishangazi basi kwamba habari ya unene kuhusishwa na saratani hupokelewa kwa shaka, au hupokelewa nusunusu.

Dhana: Mafuta ya mwilini ni akiba iliyotulia, hayafanyi kazi nyingine.

Tishu ya mafuta hutoa homoni mchana na usiku. Mojawapo ni leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman, Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Kadiri mafuta yanavyoongezeka ndivyo leptini inavyopanda katika damu, ilhali adiponektini, homoni nyingine ya tishu hiyohiyo ambayo huusaidia mwili kuitikia insulini, hushuka. Mwili usipoitikia insulini vizuri, kongosho hutoa insulini nyingi zaidi, na insulini hiyo, pamoja na homoni za ukuaji zinazofanana nayo, huzihimiza seli zigawanyike na kuzizuia zisife kwa wakati wake.

Kwa mwanamke aliyekoma hedhi kuna jambo la ziada. Ovari zake zimeacha kutengeneza estrojeni, lakini kimeng'enya kiitwacho aromatesi, kilichomo ndani ya mafuta, huendelea kuigeuza homoni ya tezi za juu ya figo kuwa estrojeni. Mafuta yakiwa mengi, estrojeni huwa nyingi, nayo huchochea seli za matiti na za ukuta wa ndani wa mji wa mimba.

Dhana: Mtu mnene ana kinga imara, kwa kuwa amekula akashiba.

Hapa ndipo maelezo mengi huishia njiani, nami nitakaa kidogo. Kwamba seli za kinga huulinda mwili dhidi ya saratani si habari ngeni magharibi mwa Kenya: saratani ya Kaposi, inayoletwa na virusi, ilienea miongoni mwa watu ambao virusi vya ukimwi vilikuwa vimezipunguza seli zao za CD4. Unene hauziondoi seli za kinga namna hiyo. Huzivuruga.

Tazama kinachoonekana kwa darubini. Seli ya mafuta iliyojaa kupita kiasi hukosa oksijeni ya kutosha, kisha hufa, na seli za kinga ziitwazo makrofaji huizunguka pande zote kama taji ili kuyaondoa mabaki yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba makrofaji huweza kukaribia asilimia 40 ya seli za tishu ya mafuta kwa watu wanene, ilhali kwa wembamba huwa chini ya asilimia 10. Makrofaji hizo hutoa kemikali zinazoiweka kinga katika hali ya tahadhari isiyoisha, ambayo wataalamu huiita inflamesheni sugu, na kemikali hizohizo huongeza kazi ya aromatesi. Homoni na kinga kwa hiyo huchocheana.

Kuna pia seli uaji asilia, ambazo huiua seli ya saratani bila kusubiri mafunzo. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba katika unene wa kupindukia seli hizo hujaa mafuta hadi zinapungukiwa na nishati: huweza kuishika seli ya saratani, lakini hushindwa kuipelekea sumu ya kuiua. Miaka miwili baadaye, majaribio ya panya waliolishwa mafuta mengi yalionyesha seli za saratani zikiyanyakua mafuta yaliyo karibu na kuziacha seli T, askari wengine wa kinga, bila chakula.

Jambo moja huwachanganya hata wasomaji makini. Leptini nyingi huzichosha seli T kwa kupitia kizuizi kilicho juu yake, kiitwacho PD-1, ambacho ni kama breki ya kinga, na kwa sababu hiyohiyo dawa zinazofungua kizuizi hicho zimewasaidia zaidi wagonjwa wanene katika baadhi ya saratani. Hilo halifuti hatari ya kuupata ugonjwa wenyewe.

Dhana: Saratani zote hutokana na unene, basi mwembamba yuko salama.

Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitaja saratani 13 zenye ushahidi wa kutosha wa kuhusiana na unene, zikiwamo za mji wa mimba, utumbo mpana, ini, figo, kongosho, na titi baada ya hedhi kukoma. Saratani ya umio imo, lakini ile aina ya adenokasinoma tu, yaani inayoanzia katika seli za tezi. Saratani ya umio inayowasumbua watu wengi wa Bonde la Ufa na magharibi ni ya aina nyingine, ambayo huhusishwa na tumbaku, pombe na vinywaji vya moto sana, nayo huwapata hata waliokonda. Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya HPV.

Dhana: Unene huongeza hatari ya saratani ya titi katika kila umri.

Kabla ya hedhi kukoma, takwimu huonyesha kinyume: hatari kwa wanawake wanene huwa pungufu kidogo. Uzito huo ukibebwa hadi uzeeni, hesabu hubadilika.

Dhana: Vidonge vya kupanga uzazi huleta saratani tu.

Vidonge vyenye estrojeni na projestini huongeza kidogo hatari ya saratani ya titi wakati vinapotumiwa, na hupunguza ya ovari na ya mji wa mimba kwa miaka mingi baadaye.

Dhana: Ukishanenepa, kupungua hakusaidii.

Mtu akipungua, insulini na estrojeni hushuka. Utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuata kwa miaka mingi watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, na wanawake miongoni mwao walipata saratani chache kuliko wenzao ambao hawakufanyiwa. Kwa wanaume tofauti hiyo haikuonekana. Chai za "kuyeyusha kitambi" zinazouzwa stendi za matatu hazina ushahidi wa namna hiyo. Kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi, awe mnene au mwembamba, damu ikitoka tena ukeni, hata kidogo, haifai kungojewa ikome yenyewe. Aende hospitali apigwe picha ya ultrasaundi na, ikihitajika, achukuliwe kipande cha ukuta wa mji wa mimba kipimwe.