Mkate Laini Ndio Unaokuangusha: Kuchagua Mkate Bapa wa Kukausha na Kuchovya

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu ya uokaji niliharibu naan ishirini kwa siku moja. Zilikuwa naan za sifa, laini, zimekandwa kwa mtindi na kupakwa siagi, nami nikajiambia kwamba mkate mzuri namna hii ukikatwakatwa na kurudishwa kwenye oveni lazima utoe vipande vizuri vya kuchovya. Kingo ziliungua, katikati kukabaki kama mpira. Nikazirudisha motoni. Kingo zikawa mkaa, katikati kukawa kugumu kiasi cha kutishia jino. Wageni walizitafuna kwa adabu, na bakuli la humusi, lile rojo la dengu zilizopondwa, likarudi jikoni karibu lilivyotoka.

Tangu siku hiyo nachagua mkate wa kukausha kwa kigezo kinachokwenda kinyume na mazoea. Sifa zinazoufanya mkate uwe mtamu ukiwa wa moto ndizo zinazouzuia kukauka kau: unene, maziwa, siagi, sukari, na ule ulaini unaodumu siku kadhaa ndani ya mfuko. (Wengine huviita vipande hivi chipsi za mkate. Mimi neno chipsi linanipeleka moja kwa moja kwenye viazi, basi nitasema vipande.)

Sababu ni maji. Mkate bapa ulio laini hubeba maji karibu theluthi ya uzito wake. Kipande kinachovunjika kwa sauti kina maji chini ya asilimia 5 hivi. Maji yakishuka kufikia hapo, wanga na gluteni (protini ya ngano inayoushikamanisha mkate) hukakamaa kama kioo, haviwezi tena kupinda, vikibanwa huvunjika. Yakibaki juu kidogo ya hapo unapata kitu kama ngozi ya kiatu. Kwa hiyo kazi yote ya oveni ni kuyatoa maji ya katikati kabla uso haujaungua, na mkate unaochagua ndio unaoamua kama mbio hizo zinawezekana.

Hapa wembamba una uzito kuliko watu wanavyodhani. Unene ukiongezeka maradufu, muda wa maji kusafiri kutoka katikati hadi nje hauongezeki mara mbili, unakaribia mara nne. Ndiyo maana mkate wa milimita 2 unakauka ukiwa bado una rangi ya dhahabu, na wa milimita 8 unaungua kabla haujakauka. Hakuna ufundi wa kucheza na moto unaoweza kufidia tofauti hiyo kikamilifu. Naan zangu zilikuwa zimeshindwa kabla sijawasha oveni, na sukari ya maziwa iliyokuwa ndani yake ikawahisha kuungua.

Nikilazimika kutaja mkate mmoja tu, nataja pita yenye mfuko, yaani mkate bapa wa duara wenye uwazi katikati. Donge lake likiingia kwenye moto mkali, maji yaliyo ndani hugeuka mvuke ghafla na kuutenganisha mkate katika matabaka mawili. Ukipita na mkasi ukingoni mwote unapata duara mbili nyembamba kutoka mkate mmoja, tena kila moja ina uso laini upande wa nje na uso wenye vinyweleo upande wa ndani. Ule uso wa ndani ndio mali. Unashika mafuta, unashika chumvi, na baadaye unashika rojo kwenye vijishimo vyake wakati uso wa nje ukizuia kipande kisilowe haraka. Angalia jambo moja tu: mara nyingi tabaka la juu ni jembamba kuliko la chini. Ukiyachanganya kwenye trei moja, nusu itaungua ukisubiri nusu nyingine. Mimi huoka matabaka ya juu peke yake na ya chini peke yake.

Ipo pia pita nene isiyo na mfuko, ile ya kufungia nyama. Hiyo ni tamu, lakini kwa kazi yetu ina kasoro zilezile za naan. Ukiwa dukani, uminye mkate pembeni kwa vidole viwili na kuusugua taratibu: ukihisi ngozi mbili zinateleza moja juu ya nyingine, mfuko upo.

Lavash ni nyembamba kuliko zote. Nchini Armenia, ambako utengenezaji wake uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni mwaka 2014, hubandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo na kuiva kwa muda mfupi sana. Ikikaushwa hukaa miezi, kisha hunyunyiziwa maji ili ilainike tena. Mkate wenye historia ya kukaushwa hauna taabu na oveni yako: dakika 4 hadi 6 zinatosha, na simwachi mtu yeyote aende kupokea simu wakati huo. Udhaifu wake ni kukosa nguvu. Ukiuchomeka kwenye rojo zito la maharagwe, unavunjika na kuzama. Lavash ni ya mtindi uliopigwa na mafuta ya zeituni, au jibini laini, au biringanya iliyochomwa na kupondwa mpaka ikawa nyepesi.

Tortilla, mikate bapa ya Mexico, ziwekwe katika mafungu mawili yasiyofanana. Ile ya mahindi hutokana na punje zilizochemshwa kwa maji ya chokaa, haina gluteni ya kuishikamanisha, na ikikauka huvunjika vipande safi vyenye ladha inayojitegemea. Inahitaji kupakwa mafuta pande zote mbili, la sivyo inatoka oveni kama karatasi ya boksi. Ile ya ngano ina mafuta ndani yake, hutoa malengelenge na kuwa na matabaka mepesi. Naipenda, ila itoboetoboe kwa uma kwanza, maana lengelenge kubwa likipasuka ndani ya bakuli linakuachia shimo mahali ulipotegemea kijiko. Chapati ya matabaka, yenye mafuta yaliyokunjiwa ndani, hukauka kwa kutengana. Utamu upo, uimara hakuna.

Sasa jambo ambalo wengi hawaliangalii, nalo limenisaidia kuliko kununua oveni mpya: maandishi madogo nyuma ya pakiti. Katika nchi nyingi viungo huandikwa kwa mpangilio wa uzito, kuanzia kilicho kingi. Unga, maji, chumvi, hamira: mkate huo unakauka. Sukari au asali ikiwa imekaribia mwanzo, jua rangi itawahi kuliko ukavu. Kisha tafuta gliseroli, ambayo mara nyingi huandikwa kwa namba E422. Inawekwa kwenye tortilla na mikate ya kukunja ya viwandani ili ishike maji na mkate usivunjike ukikunjwa baada ya siku nyingi za kukaa rafuni. Kwa mwenye kukunja ni neema. Kwetu ni kiungo kilicholipiwa mshahara wa kuzuia hasa kile tunachotaka kifanyike. Mkate wa namna hiyo utakauka mwishowe, ila kwa muda mrefu zaidi, na ukishakauka huwahi kulainika tena ukikaa hewani.

Na mkate wa jana? Wengi husema ni bora kwa kuwa umekwisha kukauka. Si lazima. Mwaka 1852 mkemia Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionyesha kwamba mkate huwa mgumu hata ukifungiwa usipoteze maji, na kwamba ukipashwa moto unalainika tena. Ugumu ule unatokana na wanga kujipanga upya, si maji kuondoka. Kwa hiyo pita iliyolala ndani ya mfuko wa plastiki ina maji karibu yaleyale ya jana. Hata hivyo bado naipendelea, kwa sababu nyingine kabisa: haichaniki. Pita ya leo ukiitenganisha inakatika katika vitambaa, ya jana inaachia kwa heshima. Ukitaka ipungue maji pia, itenganishe na uiache wazi juu ya wavu kwa saa chache.

Moto wenyewe sina mengi ya kuueleza. Oveni ya sentigredi 170, tabaka moja bila kulaliana, dakika 8 hadi 12 kwa pita, geuza trei katikati ya muda. Mafuta kijiko kikubwa kimoja kwa pita moja kubwa kinazidi, nusu yake inatosha ukitumia brashi. Chumvi iende pamoja na mafuta, la sivyo itabaki kwenye trei. Kitunguu saumu kibichi usikiweke mwanzoni, kitaungua na kuwa kichungu. Usitafute rangi ya kahawa: dhahabu ndiyo kikomo, kwa ladha na pia kwa sababu chakula cha wanga kikizidi kubabuka hutoa akrilamidi, kemikali ambayo watafiti wa Sweden mwaka 2002 walitangaza kuikuta katika vyakula vya wanga vilivyopikwa kwa moto mkali. Kipande kikipata rangi kabla ya kukauka, zima moto, uache mlango wa oveni wazi kidogo, na joto linalobaki likamilishe kazi.

Usikihukumu kikiwa cha moto. Kikitoka kinakuwa bado na ulegevu kidogo, na ukavu huja kikipoa. Mpe dakika kumi mtu wa kuonja pia.

Kuhusu umbo, pembetatu ndizo zinazopendwa na ndizo zinazoniudhi. Ncha zake tatu huungua wakati tumbo bado bichi. Nakata mistari ya upana wa vidole viwili, inaiva sawasawa na inafika chini ya bakuli bila vidole kuchafuka. Kwa pembetatu, angalau zikate kubwa, na upange ncha zielekee katikati ya trei, mbali na kingo ambako joto huwa kali.

Vikishapoa kabisa, viwekwe kwenye kopo linalofunga barabara. Kipande kimoja chenye uvuguvugu kinatosha kutoa mvuke wa kuvilegeza vyote. Vikilegea, dakika 5 kwenye sentigredi 150 vinarudi, lakini mara moja tu. Mara ya pili ladha ya mafuta huanza kuchosha. Na vile vilivyovunjikavunjika chini ya kopo, vimwage juu ya supu nzito ukiwa tayari umeshika kijiko.