Kwa nini madaktari humhudumia mdoli kabla mgonjwa hajafika?

Muuguzi akishatoka kwa mgonjwa wa maradhi ya kuambukiza, hatari bado anatembea nayo: imebaki juu ya gauni na glovu zake, na hana budi kuzivua.

Huko Cleveland, Marekani, watafiti walipaka glovu na magauni ya wahudumu wa hospitali nne losheni inayong'aa kwenye mwanga wa urujuanimno, wakawaambia wavue kama walivyozoea, kisha wakawamulika. Katika majaribio 435, losheni ilionekana kwenye ngozi au nguo zao mara 200, yaani asilimia 46. Waliokosea utaratibu walichafuka katika asilimia 70 ya majaribio yao. Waliofuata utaratibu sawasawa? Asilimia 30. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015, na mimi hiyo 30 ndiyo inayonishtua. Mtu kafanya kila alichofundishwa na bado kajipaka.

Hapo kumkaripia muuguzi hakusaidii kitu. Inabidi kuangalia gauni limeshonwaje, hatua zimepangwaje, pipa la taka liko wapi. Kuna taaluma nzima ya kuchunguza namna binadamu, kwa uchovu na usahaulifu wake, anavyofanya kazi na vifaa alivyopewa. Ilikomaa katika urubani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa ndege za B-17 walikuwa wakitua salama kisha wanakunja magurudumu, ndege inalala tumbo chini. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis aligundua kwamba swichi ya magurudumu na ile ya vibao vya mabawa zilifanana na zilikaa jirani. Dawa yake ilikuwa kuzipa maumbo tofauti, mkono uzitambue bila jicho.

Hospitali nazo hujichunguza hivyo kwa maigizo. Mdoli mwenye mapafu ya bandia hulazwa katika wodi ileile itakayopokea wagonjwa, na timu ileile huvaa kila kitu na kumhudumia kana kwamba anakata roho. Janga la UVIKO-19 lilipoingia mwaka 2020, hospitali nyingi duniani ziliigiza hasa kazi ya kumwingiza mgonjwa mpira wa kupumulia kooni, kwa sababu virusi huweza kurushwa hewani wakati huo na kila sekunde ina thamani.

Vinavyoibuka humo ni vitu vidogo vidogo. Daktari anaomba dawa, sauti inafia ndani ya barakoa. Wote wamefunikwa uso, hakuna anayejua nani ni nani. Kifaa kimoja kimesahaulika nje, na atakayekifuata lazima avue kila kitu na kuvaa upya. Ndiyo maana wahudumu walianza kuandika majina kifuani, kurudia kwa sauti agizo walilopewa, kufungasha vifaa vyote mapema katika mfuko mmoja, na kumwacha mwenzao mlangoni wa kupokea maombi.

Suluhisho nalo hupimwa, maana laweza kuleta balaa lake. Baadhi ya hospitali zilihamishia pampu za dawa kwenye korido na kuziunganisha na mgonjwa kwa mirija mirefu, ili muuguzi azirekebishe bila kuvaa upya. Wazo zuri, ila mrija mrefu huchelewesha dawa mpya kufika mwilini, na ukitambaa sakafuni humkwaza mtu. Afadhali kuligundua hilo kwa mdoli.

Mwaka 2014, wauguzi wawili huko Dallas waliambukizwa Ebola baada ya kumhudumia mgonjwa. Oktoba hiyohiyo, mamlaka ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, CDC, ilitoa mwongozo mpya: mhudumu afanye mazoezi mpaka aweze, na kila anapovaa au kuvua, asimamiwe na mtu aliyefunzwa anayemtazama hatua kwa hatua. Binadamu aliyechoka haachiwi kutegemea kumbukumbu yake mwenyewe.

Uchovu huo ndio mgumu kuuigiza. Zoezi la nusu saa asubuhi, watu wamelala vizuri, halionyeshi mkono unavyofanya kazi baada ya muda wa saa kumi na mbili ndani ya barakoa inayobana. Anayetaka kuliona hilo alifanye zoezi usiku, zamu ikielekea kuisha, na ajiandae kununiwa na wodi nzima.