"Shirika lisilo la faida" maana yake nini, na kwa nini watu wanalisomea uzamili

Mama mmoja wa Mwandiga, hapa Kigoma, mwenyekiti wa kikundi cha kukamua mawese, aliniuliza swali ambalo sijalisahau. Alikuwa amesikia kwamba kijana wa jirani yake anasomea shahada ya uzamili katika uendeshaji wa mashirika yasiyo ya faida na biashara jamii. "Mwanangu," akaniambia huku akikoroga pipa, "ada yote hiyo, kusomea kitu kisichokuwa na faida?"

Hakuwa anatania. Kwa sikio la Kiswahili, kitu kisicho na faida ni kitu kisicho na maana. Ukimwambia mtu maneno yake hayana faida, umemtukana. Jina hili limekaa vibaya tangu mwanzo, na limewapotosha hata watu wanaofanya kazi humo. Nimekutana na viongozi wa asasi hapa Kigoma wanaoamini kwamba wakimaliza mwaka na salio benki wamevunja sheria, basi Desemba wanakimbilia kuitisha semina ili fedha iishe.

Ukweli ni huu: shirika la namna hiyo linaruhusiwa kubakiwa na ziada. Linaweza kuuza sabuni, kupangisha ukumbi, kutoza ada ya mafunzo. Kinachokatazwa ni kugawana. Mwaka ukiisha na zikabaki milioni 5, hakuna mwanzilishi, mjumbe wa bodi wala mwanachama anayeweza kusema "hapo nina fungu langu." Mishahara italipwa, maana mfanyakazi ana haki ya jasho lake, lakini kinachobaki kinarudi kwenye kazi. Mwaka 1980 msomi wa sheria wa Marekani, Henry Hansmann, alilieleza jambo hili kwa namna ambayo bado inafundishwa: alama ya mashirika haya ni katazo la kugawana. Sababu yake inaeleweka hata huku kwetu. Mtu aliyetoa fedha akiwa mbali ili mtoto wa Kibondo apate dawa hawezi kuja kuangalia kama dawa imefika. Akijua kwamba hakuna mwenye ruhusa ya kuitia fedha hiyo mfukoni, anapata moyo wa kutoa.

Ningekuwa na uwezo wa kubadilisha jina, ningeliita shirika lisilogawana faida.

Watu wa Ujiji wana njia fupi ya kuielewa dhana hii, kwa sababu wanaijua wakfu. Mzee anaitoa nyumba yake wakfu kwa ajili ya msikiti au madrasa. Tangu siku hiyo nyumba haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Wapangaji wanalipa kodi kama kawaida, kodi inanunua mikeka na kulipa mwalimu, na msimamizi wa wakfu anatunza hesabu ya mali isiyo yake. Nyumba inaingiza fedha kila mwezi, lakini haina mwenyewe wa kuichukua fedha hiyo. Ukimwelewa msimamizi wa wakfu, umeshaelewa nusu ya masomo haya, kwa kuwa swali kubwa linalofundishwa darasani ni lile lile linalomkosesha usingizi: unaendeshaje mali kwa bidii na uaminifu wakati hakuna mwenyewe wa kukusimamia?

Biashara jamii ni ndugu wa karibu. Hapa shirika linategemea mauzo zaidi kuliko michango, lakini biashara yenyewe imeanzishwa ili kutatua shida ya watu. Mfano unaopendwa sana vyuoni ni hospitali za macho za Aravind nchini India. Daktari Govindappa Venkataswamy alianza mwaka 1976, mjini Madurai, akiwa na vitanda 11. Wanaoweza kulipia upasuaji wa mtoto wa jicho wanalipa, na malipo yao yanasaidia kuwahudumia wasioweza. BRAC, ambayo wengi wetu tunaijua kwa mikopo ya akina mama na imekuwepo Tanzania tangu 2006, ilizaliwa Bangladesh mwaka 1972, na miaka michache baadaye ikafungua maduka ya kazi za mikono za wanavijiji ili wasiwe wa kunyoosha mkono kila mwaka.

Sasa turudi Mwandiga. Tuseme kikundi cha yule mama kinamiliki mashine ya kukamulia, na kila mkulima wa michikichi anayeleta mzigo wake analipa kwa dumu. Mwisho wa mwaka wanakaa chini ya mwembe, wanafungua sanduku, kila mwanachama anapewa fungu lake. Hilo si shirika lisilo la faida, na wala si kosa. Hicho ni kikundi cha uzalishaji, na kugawana ndiyo lengo lake. Ushirika nao ni hivyo hivyo: chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS), kiwe cha kahawa Buhigwe au cha tumbaku Urambo, kipo kwa ajili ya wanachama wake, na ziada inaweza kuwarudia. Lakini kama akina mama wangeamua kwamba ziada yote iwalipie bima ya afya wajane wa kijiji, au inunue miche kwa kaya zisizo na michikichi, na wakaandika hivyo kwenye katiba yao, hapo wangekuwa wamevuka mpaka. Mashine ni ile ile, pipa ni lile lile. Kilichobadilika ni mstari mmoja katika katiba.

Kisheria, Tanzania ina Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali (NGO) namba 24 ya mwaka 2002, pamoja na marekebisho yake, na msajili wake yuko chini ya wizara ya maendeleo ya jamii. Uingereza, tangu 2005, ina aina maalumu ya kampuni kwa biashara jamii, ambayo mali zake zimefungwa zisiweze kuishia mikononi mwa wenye hisa. Sisi hatuna daftari la namna hiyo, kwa hiyo mwenye biashara jamii huchagua: ajisajili kama shirika, afungue kampuni BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara, au aunde ushirika. Kila njia ina mzigo wake. Na niseme hili kwa msisitizo kwa sababu limewaumiza wengi: kusajiliwa kama NGO hakukuondolei kodi. Hadhi ya shirika la hisani huombwa kivyake, TRA, yaani mamlaka ya mapato, na hata ukiipata, kodi ya mishahara ya wafanyakazi wako utaikata na kuipeleka kama mwajiri mwingine yeyote.

Kwenye uzamili wenyewe kuna masomo mengi, lakini kama ningelazimishwa kuchagua moja tu ningechagua fedha.

Nilikuwa mweka hazina wa asasi ndogo mjini Kigoma. Kuna mwezi akaunti yetu ilisoma shilingi milioni 38, na hatukuwa na hela ya pango la ofisi. Nilikuwa na kaunta buku mbele yangu, taarifa ya benki pembeni, na mwenye nyumba amekaa kwenye benchi nje. Zile milioni 38 zote zilikuwa za visima. Mfadhili alizitoa kwa visima, mkataba ukasema visima. Nikaona si vibaya "kuazima" miezi mitatu ya pango, tutarudisha. Hatukurudisha. Mkaguzi wa hesabu alipokuja, alipitisha kidole kwenye safu moja tu, akauliza swali moja tu, na mwaka uliofuata mfadhili yule hakuongeza mkataba. Kijiji kimoja kilikosa kisima. Hakuna aliyeiba, lakini mimi ndiye niliyeweka saini, na bado linaniuma.

Somo nililolikosa siku ile ni tofauti ya fedha zenye masharti na fedha huru. Fedha zenye masharti zina kazi iliyotajwa; kuzitumia kwingine ni kuvunja amana, hata kama kwingine huko ni kuzuri. Fedha huru ndizo zinazolipa pango, mlinzi, intaneti na mhasibu, na ndizo zinazokuwa ngumu kuliko zote kuzipata, kwa sababu kila mtoaji anataka kuiona fedha yake ikiwa kisima au darasa. Darasani unafundishwa kuweka kila mfuko katika safu yake, kuingiza sehemu ya gharama za uendeshaji ndani ya kila andiko la mradi kabla hujalituma, na kujenga akiba ya kuendeshea shirika miezi kadhaa bila mfadhili. Hapo ndipo ile ziada ya mauzo inapokuwa na thamani: ni fedha huru. Sabuni ya mawese haina mkataba.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Mkoa wa Kigoma, ambako Nyarugusu imehifadhi wakimbizi tangu 1996, unajua mradi unapofungwa maana yake nini. Kakonko waliona kambi ya Mtendeli ikifungwa mwaka 2021, na pamoja na kambi zikaondoka ajira na biashara ndogo zilizokuwa zikiizunguka. Asasi iliyokuwa na mfadhili mmoja tu wakati kama huo haina hata nauli ya kwenda kuaga wanakijiji.

Kuna pia somo la kupima mabadiliko, nalo lina ukali wake. Ukiandika kwenye ripoti kwamba umewafundisha wanawake 300 kutengeneza sabuni, umesema ulichofanya. Mwalimu mzuri atakuuliza: baada ya miezi sita, wangapi bado wanachemsha? Na kama wameacha, ni kwa sababu ya magadi kupanda bei, au soko, au hukuwauliza toka mwanzo kama sabuni ndiyo waliyoihitaji? Utawala wa bodi nao unafundishwa: mwanzilishi anapaswa kusimamiwa na watu wanaoweza kumwambia hapana, si mkewe, shemeji yake na rafiki waliyesoma naye. Sheria, kuongoza watu wa kujitolea na kuandika maandiko ya miradi yanafuata, na mwisho kuna tasnifu.

Je, nani asome? Maoni yangu ni kwamba usiende moja kwa moja ukitoka shahada ya kwanza. Fanya kazi kwanza, hata katika asasi ya vijiji viwili, ukae na ripoti zisizolingana na risiti, ndipo uende. Kila mada itakuta jeraha lake. Kwa aliyeko huku magharibi si lazima kuhama. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo vya mkoa, Kigoma na Tabora zikiwemo, na kimekuwa kikitoa uzamili wa maendeleo ya uchumi wa jamii, ambao uko jirani sana na fani hii. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kinamfaa anayeelemea upande wa ushirika. Uingereza kozi za namna hii kwa kawaida huchukua mwaka mmoja, na shahada ya nje utahitaji kuithibitisha TCU, tume ya vyuo vikuu, ukirudi. Asiyekuwa na nafasi ya uzamili mzima aulizie stashahada ya uzamili, ambayo ni fupi na nafuu.

Kabla hujalipa ada, omba orodha ya masomo na uitafute fedha ndani yake. Isipokuwepo, au ikiwa imepewa wiki mbili mwishoni mwa muhula, tafuta chuo kingine.

Yule mama nilimjibu kwa mfano wa nyumba ya wakfu, kwa kuwa mumewe alikuwa mtu wa Ujiji. Alinyamaza kidogo, akapunguza kuni chini ya pipa, akauliza: "Sasa na sisi tukitaka zile za wajane zisichanganyike na zetu, tunaandika wapi?" Tukafungua kaunta buku lao, tukapiga mstari wa wima katikati ya ukurasa.