Kulenga sahani za udongo: dhana potofu kuhusu usalama wa kiwanja

Viwanja vingi vya kulenga sahani nchini Uingereza viko mashambani, kwenye malisho na kingo za misitu. Sahani yenyewe ni ndogo: kipenyo cha milimita 110, uzito wa gramu 105 hivi, mchanganyiko wa lami na unga wa mawe ya chokaa. Mtambo huirusha hewani, na mlengaji aliye kituoni huipiga kwa shotgani inayomwaga marisaa, yaani chembe ndogo za madini ya risasi au za chuma. Kwa kuwa ajali mbaya si za kila wiki, mazoea huingia upesi, na mazoea hayo yamezaa maneno yanayorudiwa mpaka yanaonekana kama sheria. Haya ndiyo tunayokutana nayo zaidi.

"Tathmini ya vihatarishi tulishaifanya, iko kwenye faili"

Kanuni za Usimamizi wa Afya na Usalama Kazini za 1999 zinamtaka mwajiri atathmini hatari zinazowakabili wafanyakazi wake na watu wengine wanaoguswa na shughuli yake. Mwenye wafanyakazi watano au zaidi lazima aandike matokeo. Kipengele kinachosahaulika ni kile kinachotaka tathmini ipitiwe upya kila panapokuwa na sababu ya kuamini kwamba haifai tena. Kwenye uwanja wa kulenga, sababu hiyo huja kila mtambo unapohamishwa. Usogeze mita tano au geuza pembe yake kidogo tu, na mlengaji ataifyatulia sahani mahali pengine, na marisaa yataangukia pengine.

Kwa hiyo tathmini ya kweli hufanywa kwa miguu, kituo kwa kituo. Anayepanga uwanja aingie mwenyewe ndani ya kizimba, yaani fremu anamosimama mlengaji, arushiwe sahani, aifuate kwa kidole tangu inapoonekana mara ya kwanza hadi inapogusa ardhi, na njia nzima aangalie kilicho nyuma yake. Asiangalie tu pale anapotarajia ipigwe. Mgeni anayelenga kwa mara ya kwanza huchelewa, huifuata sahani hadi karibu na nyasi, na hapo ndipo mtutu unapoelekea kituo cha jirani au njia ya wapita kwa miguu. Kizimba kizuri huzuia hilo kwa vyuma: nguzo za pembeni huzuia mtutu usizunguke mno, na boriti huzuia usishuke wala kupanda kupita kiasi. Lakini kizimba kilichopimwa kwa mtambo wa mwezi uliopita hakizuii chochote cha maana ikiwa mtambo umehama.

Andika kwa kila kituo: mtambo uko wapi, mpaka wa kulia na wa kushoto wa ufyatuaji ni alama gani inayoonekana (mti fulani, nguzo fulani), kinga ya mtambo ikoje, nani amekagua na saa ngapi. Upepo ukibadilika, rudia. Sahani inayokutana na upepo usoni hupanda na kuning'inia. Inayosukumwa na upepo wa nyuma hushuka mapema. Uwanja uliokaguliwa saa mbili asubuhi kukiwa shwari unaweza kuwa uwanja mwingine saa nane mchana.

"Shotgani haifiki mbali, mita mia zinatosha"

Chanzo cha dhana hii kinaeleweka. Sahani nyingi huvunjwa zikiwa mita 20 hadi 40 kutoka kwa mlengaji, na mbele zaidi marisaa yametawanyika mno. Lakini umbali wa kuvunja sahani ni jambo moja, na umbali ambao chembe huanguka chini ni jambo jingine.

Kuna kanuni ya zamani inayobeba jina la Journée, afisa wa jeshi la Ufaransa, ambayo bado inafaa kwa hesabu ya haraka. Kwa marisaa ya madini ya risasi, chukua kipenyo cha chembe kwa milimita, zidisha kwa 80 hivi, utapata mita za mwisho kabisa inapoweza kufika. Chembe ya milimita 2.4 hufika kama mita 190. Ya milimita 2.6 hupita mita 200. Hesabu hiyo ni ya ardhi tambarare na hewa tulivu. Kiwanja kikiwa juu ya mteremko, au upepo ukivuma kuelekea mbele, ongeza. Ndiyo maana eneo linalotakiwa kubaki tupu mbele ya vituo Uingereza huhesabiwa kuwa mita 275, na ni mita 275 kwa upana wote wa pembe ya ufyatuaji, si mstari mmoja ulionyooka.

Chembe inayoanguka mwishoni mwa safari yake haina nguvu ya kuua, lakini inatosha kuharibu jicho. Miti isihesabiwe kama ukuta, kwa sababu msitu uliokuwa mzito mwezi wa sita hauna majani mwezi wa kumi na mbili. Njia ya umma ikikatiza eneo hilo, bango peke yake halitoshi, na huna haki ya kuifunga njia kwa kuwa una mashindano. Ama weka walinzi wenye redio kila upande na amri ya kusimamisha ufyatuaji mara moja, ama hamisha kituo. Sisi tunapendelea kuhamisha kituo, kwa sababu mlinzi naye huchoka.

Chuma kina tabia yake. Ni chepesi kuliko madini ya risasi, hivyo chembe ya ukubwa uleule haifiki mbali kiasi hicho. Lakini ni kigumu: kikigonga jiwe au bamba la chuma la kukingia mtambo, hudunda. Julai 2025 serikali ilitangaza kwamba marisaa ya madini ya risasi yatapigwa marufuku nchini baada ya kipindi cha mpito cha miaka 3. Kila kiwanja kitakachobadilisha kina kazi ya kuzunguka upya na kutazama mawe, mabamba na nguzo zote zilizo karibu na vituo. Miwani ya kukinga macho, ambayo wengi huiona ni ya hiari, iwe ya lazima kwa mlengaji, mwendesha mtambo na mtazamaji.

"Ukichomoa betri, mtambo umekufa"

Hii ndiyo dhana inayovunja mikono ya watu. Betri ya volti 12 kazi yake ni kuuvuta mkono wa mtambo nyuma mpaka springi ivutike kabisa. Nguvu inayorusha sahani imo kwenye springi. Chomoa waya wakati mkono umekwisha kukokiwa, na nguvu yote bado ipo inangoja. Sahani iliyokwama inayotolewa kwa vidole, tope lililoganda, goti lililogusa sehemu isiyofaa: mkono unazunguka kabla hujafumba jicho.

Utaratibu ni mmoja kila mara, hata kwa kazi ya sekunde kumi. Ufyatuaji usimame kwenye kila kituo kinachoelekea mtambo huo, na uthibitisho uje kwa redio kwamba bunduki ziko wazi na tupu. Kitufe cha kurushia kiwe mkononi mwa yule anayekwenda mtamboni, kisibaki kituoni ambako mtu mwingine anaweza kukibonyeza. Ukaribie mtambo kutoka upande ambao mkono haupiti, kamwe usije kwa mbele. Legeza springi kwa njia iliyoelezwa na mtengenezaji wa mtambo huo, maana hazifanani. Tazama kwa macho kwamba mkono umelala mahali pake pa kupumzikia. Baada ya hapo ndipo betri ichomolewe, na baada ya hapo ndipo uguse sahani. Kujaza sahani nako kunafuata utaratibu huuhuu. Duara la rangi au kamba kuzunguka mtambo, pana kuliko urefu wa mkono, husaidia hata mzoefu aliyechoka.

Vijana wa chini ya miaka 18 wanaoajiriwa msimu wa kiangazi kuendesha mitambo wana kifungu chao kwenye kanuni za 1999: uzoefu mdogo na wepesi wa kupuuza hatari lazima vizingatiwe kabla hawajaanza. Na kabla ya springi kuna mgongo. Katoni ya sahani 150 ina kilo 16 hivi, na hubebwa kwenye matope. Gari dogo la kusambazia ni hatua ya usalama.

"Bunduki iliyofunguliwa haina hatari"

Bunduki iliyofunguliwa na tupu wakati wa kutembea ni kanuni nzuri, na isilegezwe. Lakini haizuii mambo mawili yanayopasua mtutu.

La kwanza ni kuchanganya risasi. Risasi ya saizi 20, ambayo ni nyembamba kuliko ya saizi 12, ikiingizwa kwenye bunduki ya saizi 12 hupita chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi) na kukwama mbele yake. Mlengaji akiangalia chemba anaiona tupu, anadhani alisahau kupakia, anaweka ya saizi 12 nyuma yake na kufyatua. Kwa sababu hiyo risasi za saizi 20 hutengenezwa kwa rangi ya manjano. Familia ikija na bunduki za saizi mbili, mifuko itenganishwe na kila mmoja abebe zake tu.

La pili ni risasi iliyotoa mlio hafifu. Mlio ukiwa tofauti na kawaida, simama, mtutu ukielekea mbele, fungua, na chungulia mitutu yote miwili kabla ya kupakia tena. Kizibo cha risasi kilichobaki ndani ya mtutu kinatosha kuvimbisha au kupasua mtutu. Risasi isiyolia kabisa: ngoja sekunde 30 mtutu ukiwa bado mbele, ndipo ufungue.

"Nje hakuna shida ya kelele"

Uwanja wazi haupunguzi kishindo kinachomfikia aliye kando ya mtutu. Kanuni za kelele za 2005 zinamtaka mwajiri awape wafanyakazi kinga ya masikio na ahakikishe wanaivaa kilele cha kelele kinapofikia desibeli 137, na mlio mmoja wa shotgani hupita hapo. Madhara yake kwenye sikio hayarudi nyuma. Mfanyakazi anayehesabu alama siku nzima husikia milio mingi kuliko mlengaji yeyote, na mara nyingi ndiye aliyesahaulika.

"Vipande vya sahani ni udongo tu"

Si udongo. Lami iliyomo ndani yake imewahi kuua nguruwe waliokula vipande. Marisaa ya madini ya risasi yanayobaki kwenye majani huingia kwenye malisho, na ng'ombe wanaolishwa majani yaliyokatwa hapo hupata sumu. Usiruhusu mifugo wala ukataji wa majani kwenye eneo la maangukio. Anayekusanya marisaa au kufagia vituo anawe mikono kabla ya kula, na asivute sigara akiwa kazini.

"Sisi ni klabu ya kujitolea, sheria haituhusu"

Sheria ya Dhima ya Mwenye Eneo ya 1957 haiulizi kama unalipwa: mgeni uliyemkaribisha unawajibika kumtunza. Klabu inayowapa nafasi watu wasio na leseni ya bunduki kwa kutumia kifungu cha 11(6) cha Sheria ya Silaha ya 1968 inahitaji kibali cha polisi kwa mahali na wakati huo mahususi, na mtu mzoefu awe kando ya kila mgeni, karibu kiasi cha kuushika mtutu.

Kabla ya risasi ya kwanza, kila mwenye redio ajue ni lango gani gari la wagonjwa litapitia, nani atalifungua, na nani atasimama barabarani kulielekeza. Sanduku la huduma ya kwanza liwe na bandeji kubwa za kuzuia damu na kamba ya kukazia mguu au mkono, na liwe katikati ya kiwanja, si ofisini.