Sweta la Aran na uzushi mwingine kuhusu nyuzi za Ireland

"Kila ukoo wa visiwa vya Aran, magharibi mwa Ireland, una mtindo wake wa kufuma, ili mvuvi akizama maiti itambulike kwa sweta."

Hadithi hii inauza sweta kuliko tangazo lolote, lakini si kweli. Chanzo chake kimojawapo kinajulikana: Riders to the Sea, tamthilia ya J.M. Synge ya mwaka 1904. Humo dada anamtambua kaka yake aliyekufa maji kwa soksi, wala si sweta. Anakumbuka kwamba aliianza kwa vitanzi 60, vinne vikamponyoka. Kinachomtambulisha marehemu, basi, ni kosa la mfumaji. Nembo ya ukoo haimo kabisa. Wauza zawadi ndio waliotia chumvi, na leo ukitaja tu jina la babu yako utaletewa "sweta la ukoo wenu".

"Basi angalau sweta lenyewe ni la kale."

Hapana. Lile jeupe lenye misokoto na maumbo ya almasi yaliyotuna lilipata sura yake mwanzoni mwa karne ya 20, na wanawake wa visiwani hawakulifuma kwa ajili ya waume zao tu. Waliliuza. Muriel Gahan alipofungua duka la kazi za mikono za vijijini Dublin mwaka 1930, wakapata soko mjini.

"Lesi ilikuwa pambo la nyumbani."

Ilikuwa ya kutafutia chakula. Viazi vilianza kuoza 1845, njaa ikaingia. Mwaka 1847 Cassandra Hand, mke wa mchungaji katika mji wa Clones, akaleta mwalimu wa kroshe. Mfumaji huyu alifuma ua, yule jani, kila kimoja juu ya uzi mnene uliofichwa ndani ili kitune. Mwingine akaviunganisha kwa wavu mwembamba. Aliyeivaa alikuwa tajiri wa mbali.

"Hizi ni kazi za kike."

Huko Ulster, kaskazini mwa Ireland, karne ya 18, mke alisokota uzi wa kitani na mume akakaa kwenye mtambo wa kufumia. Kabla ya hapo mimea ya kitani iling'olewa kwa mkono, ikalowekwa bwawani wiki moja au mbili hadi mashina yalainike kwa kuoza. Uvundo wake si wa mchezo. Wanaoyapamba maisha haya kwenye kadi za posta hawakupita kando ya bwawa hilo.

"Wakimbizi Waprotestanti wa Ufaransa ndio walioleta kitani Ireland."

Louis Crommelin na wenzake, mwishoni mwa karne ya 17, walisaidia kuboresha ufumaji. Kitani walikikuta.