Kurudiwa na ugonjwa wa akili: maana yake na dalili zake za mwanzo

Kurudiwa na ugonjwa ni pale mtu aliyekwisha kupata nafuu anapoanza tena kuonyesha dalili zilizomfikisha hospitali. Aliyekuwa anasikia sauti anazisikia tena. Aliyekuwa na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, hatoki kitandani, haogi, hataki kula. Mwenye baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, akipandwa anakesha, anaongea bila kituo na kugawa pesa ovyo.

Lakini si kila siku mbaya ni kurudiwa. Mtu mwenye skizofrenia, ugonjwa wa kusikia sauti au kuamini mambo yasiyokuwepo, naye hufiwa, hugombana na mwenzake, huchoka. Kila akinuna jamaa wakaanza kunong'ona "zimempanda tena", atajifunza kuficha anavyojisikia, na hapo ndipo hatari huanza. Kitu cha kuangalia ni dalili zinazodumu siku kadhaa mfululizo, zinazidi, na zinafanana na za mara iliyopita.

Sababu kubwa inayojulikana ni kuacha dawa. Wengi husema mgonjwa ni mkaidi, nami naona wanamwonea. Dawa kama haloperidoli, inayotumika kuzima sauti na mawazo hayo, zinaweza kukaza shingo na taya, kutetemesha mikono, kumfanya mtu ashindwe kutulia hata akiwa amekaa. Nani angependa kwenda kazini hivyo? Akiziacha, siku za mwanzo anajisikia mwepesi, mikono imetulia, usingizi wa mchana umekwisha. Anaamini kabisa kwamba hakuwa anazihitaji. Ugonjwa nao mara nyingi haurudi papo hapo. Hupita wiki, pengine miezi, hata mtu asione uhusiano wa kuacha dawa na kuumwa upya. Ndiyo maana malalamiko kuhusu dawa yanastahili kusikilizwa kliniki: dozi inaweza kupunguzwa, dawa ikabadilishwa, au ikaongezwa nyingine ya kutuliza mtetemeko.

Ziko sababu nyingine pia: bangi na pombe, kukosa usingizi, msiba. Mwanamke mwenye baipola huwa kwenye hatari kubwa zaidi wiki za kwanza baada ya kujifungua, kwa hiyo mpango wa matibabu uanze wakati wa ujauzito, wala asiache dawa kimyakimya kwa hofu ya mtoto. Ramadhani nayo ina mambo yake. Anayemeza dawa mara tatu kwa siku huruka dozi ya mchana, na anayetumia lithiamu, dawa ya baipola, akikaukiwa na maji mwilini, dawa inaweza kuzidi katika damu na kumdhuru. Amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, waangalie kama saa za dawa zinaweza kupangwa upya au kama kufunga hakumfai.

Kurudiwa huwa na njia yake, na kila mtu ana ya kwake. Wakati ana nafuu, mgonjwa na mtu anayemwamini wakae waandike kwenye daftari. Kwa mfano: "Usingizi unapungua, naamka saa nane usiku. Naacha kupokea simu za dada. Naanza kudhani majirani wananisema." Chini yake waandike dawa na dozi, dawa iliyowahi kumdhuru, kliniki anayohudhuria, na nani ampigie simu. Maneno yawe yake mwenyewe, kwa sababu siku akiyumba atakubali kwa urahisi zaidi alichokiandika kuliko anachoambiwa na shemeji.

Dalili ya kwanza ikionekana, arudi kliniki bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Si lazima iwe hospitali kubwa ya magonjwa ya akili kama Mirembe ya Dodoma au Mathari ya Nairobi. Hospitali ya karibu inaweza kuanza kumhudumia na kumpa rufaa ikibidi. Akizungumzia kujiua, akikataa kabisa kula na kunywa, au akitishia kumdhuru mtu, asiachwe peke yake, dawa zote na vitu vyenye ncha viondolewe karibu naye, na afikishwe hospitali siku hiyohiyo hata kama ni usiku.