Maana ya grafu ya kusahau ya Hermann Ebbinghaus

Grafu ya kusahau ni mchoro unaoonyesha jinsi yale tuliyojifunza yanavyopungua akilini kadiri muda unavyopita. Umbo lake linafahamika vizuri katika saikolojia: mstari huporomoka kwa kasi katika saa ya kwanza, kisha hushuka polepole zaidi na zaidi, hata upungufu unaotokea kati ya siku ya 6 na siku ya 31 ukawa mdogo kuliko ule unaotokea kati ya dakika ya 20 na mwisho wa saa ya kwanza. Vipimo vinavyochorwa katika grafu hiyo vilipatikana kwa mara ya kwanza na Mjerumani Hermann Ebbinghaus, mmoja wa waanzilishi wa saikolojia ya majaribio, naye alivitoa katika kitabu chake kuhusu kumbukumbu, Über das Gedächtnis, kilichochapishwa mwaka 1885.

Siku hizi grafu hii hutajwa sana katika mafunzo ya kazini na katika makala za mbinu za kusoma, kwa kawaida ikifupishwa kwa kauli kwamba binadamu husahau karibu asilimia 70 ya alichojifunza ndani ya siku moja. Kauli hiyo inapotosha, na inafaa kuisahihisha mapema kabla ya kuendelea. Ebbinghaus hakuhesabu ni mambo mangapi yamesahaulika. Alipima ni kazi kiasi gani mtu anaokoa anapojifunza upya kitu alichokwisha kujifunza, na hicho ni kipimo cha aina nyingine kabisa. Ili kuona tofauti hiyo ni lazima kufuatilia namna alivyofanya kazi yake.

Ebbinghaus alizaliwa tarehe 24 Januari 1850 katika mji wa Barmen, ambao leo ni sehemu ya Wuppertal, magharibi mwa Ujerumani, akiwa mtoto wa mfanyabiashara. Aliingia Chuo Kikuu cha Bonn mwaka 1867, akasoma pia Halle na Berlin, akaanza na historia na taaluma ya lugha kabla ya kuvutwa na falsafa. Vita kati ya Prussia na Ufaransa vilipozuka mwaka 1870 alijiunga na jeshi, na baada ya vita alipata shahada ya udaktari huko Bonn mwaka 1873 kwa tasnifu iliyochambua falsafa ya Eduard von Hartmann. Kisha aliishi miaka kadhaa Uingereza na Ufaransa akijikimu kwa kufundisha. Ni katika kipindi hicho alichokuwa nje ya nchi ndipo alipopata nakala kuukuu ya kitabu cha Gustav Fechner kiitwacho Elemente der Psychophysik, kilichotoka mwaka 1860, ambamo Fechner alikuwa ameonyesha kwamba nguvu ya hisi, kwa mfano jinsi mtu anavyohisi uzito au mwanga, inaweza kuhusishwa kihesabu na ukubwa wa kile kinachoiamsha. Ebbinghaus alijiuliza kwa nini kumbukumbu nayo isipimwe kwa ukali uleule.

Ujasiri wa swali hilo hauonekani kwa urahisi leo. Wilhelm Wundt, aliyeanzisha maabara yake ya saikolojia huko Leipzig mwaka 1879, aliona kwamba majaribio yanafaa kwa hisi na kwa matukio mepesi ya akili, lakini hayawezi kufika kwenye shughuli zake za juu. Ebbinghaus alianza majaribio yake karibu wakati huohuo bila maabara na bila wasaidizi, na mtu pekee aliyejaribiwa alikuwa yeye mwenyewe. Alifanya mzunguko wa kwanza mwaka 1879 na 1880, kisha akarudi na kufanya mzunguko wa pili mwaka 1883 na 1884 ili kuhakiki matokeo na kuyapanua.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa kitu cha kukariri. Shairi moja hukaririka upesi kuliko jingine kwa sababu lina vina vinavyosaidia, au linataja jambo ambalo msomaji analijua, au linamgusa moyoni, na kwa hiyo muda wa kulikariri hausemi lolote la hakika kuhusu kumbukumbu yenyewe. Ebbinghaus alitafuta malighafi ambayo vipande vyake vyote vingekuwa karibu sawa kwa ugumu. Aliunda silabi zipatazo 2,300, kila moja ikiwa na konsonanti, irabu katikati na konsonanti ya mwisho, akazichanganya, akazichomoa bila kuchagua na kuzipanga katika mifululizo. Mara nyingi huandikwa kwamba kila silabi haikuwa na maana. Sivyo hasa, kwa kuwa baadhi yake zilikuwa maneno halisi. Jambo alilolisisitiza ni kwamba mfululizo mzima usiwe na maana yoyote inayounganisha silabi moja na nyingine.

Kanuni alizojiwekea zilikuwa kali. Alisoma kila mfululizo kwa sauti kwa kasi isiyobadilika ya silabi 150 kwa dakika, akiongozwa na mlio wa saa, na aliurudia kuanzia mwanzo hadi mwisho mpaka aweze kuusema wote kwa ghibu bila kusita. Alijikataza kutunga visa au kutafuta mafumbo ya kuunganisha silabi. Alifanya kazi katika saa maalumu, ama saa nne hadi saa tano asubuhi, ama saa tano hadi saa sita mchana, ama kati ya saa kumi na mbili na saa mbili za usiku, akajitahidi pia maisha yake ya nje yasiwe na mabadiliko makubwa katika vipindi vya majaribio. Alipogundua kwamba jioni alikariri polepole kuliko asubuhi, hakulipuuza jambo hilo bali alirekebisha hesabu zake ili tofauti ya saa isije ikahesabiwa kuwa kusahau. Binafsi naona kwamba uangalifu huu, kuliko hata matokeo yenyewe, ndio uliomfanya astahili kuitwa mwanasayansi wa kumbukumbu.

Sasa tufike kwenye kipimo. Ukimuuliza mtu kama anakumbuka kitu, jibu lake huwa ndiyo au hapana, na kati ya majibu hayo mawili hakuna kiasi cha kupima. Ebbinghaus alikwepa ugumu huo kwa kipimo alichokiita akiba. Tuseme mtu ametumia sekunde 1,000 kukariri mifululizo kadhaa mpaka kuimudu. Baada ya siku moja anakuta hawezi kuisema, hivyo anaikariri upya, na safari hii inamchukua sekunde 660. Ameokoa sekunde 340, yaani asilimia 34 ya kazi ya kwanza, na hiyo ndiyo akiba iliyobaki kutoka siku iliyotangulia. Mtu huyo anaweza kuwa hakuweza kutaja hata mfululizo mmoja kamili kabla ya kuanza upya, lakini akiba inashuhudia kwamba kitu fulani kilibaki.

Kwa jaribio la kusahau, Ebbinghaus kwa kawaida alikariri mifululizo 8 yenye silabi 13 kila mmoja, akasubiri kwa muda uliopangwa, kisha akaikariri tena. Alifanya majaribio 163 ya namna hiyo. Baada ya dakika 20 hivi akiba ilikuwa asilimia 58.2. Baada ya saa moja ilikuwa 44.2, na baada ya karibu saa 9 ilikuwa 35.8. Siku moja ilipopita ilisalia asilimia 33.7, siku mbili 27.8, siku sita 25.4, na baada ya siku 31 bado ilikuwa asilimia 21.1. Akaona kwamba upungufu huo unalingana kwa ukaribu na fomula ya hisabati inayotumia logi (logarithimu) ya muda. Hata hivyo yeye mwenyewe alionya kwamba fomula hiyo ni njia ya mkato tu ya kueleza matokeo yaliyopatikana mara moja, kwa mtu mmoja, katika mazingira aliyoyaeleza. Onyo hilo halimo katika makala nyingi zinazomtaja leo, na ni hasara kwa wasomaji, kwa sababu mtu anayeambiwa kwamba asilimia 70 ya mafunzo yake hupotea kwa siku moja huamini kwamba hiyo ni sheria ya akili za watu wote na ya mambo ya kila aina.

Nyuma ya kipimo cha akiba kulikuwa na wazo ambalo mimi naliona kuwa ndilo la thamani zaidi katika kitabu chote. Mwanzoni mwa kitabu Ebbinghaus alitofautisha namna tatu ambazo yaliyopita hubaki ndani yetu. Kuna yale tunayoyaita kwa hiari na yakaja, kuna yale yanayojitokeza yenyewe bila kuitwa, na kuna yale ambayo hayarudi kabisa katika fahamu lakini yanaendelea kuathiri tunavyofikiri na kutenda. Mfano wake ulikuwa shairi lililokaririwa, likaachwa kwa nusu mwaka, na sasa mwenyewe hawezi kulikumbuka hata akijitahidi vipi. Akianza kulikariri upya, atalimudu mapema kuliko mara ya kwanza. Kwa maelezo haya, kushindwa kukumbuka na kupoteza kabisa ni hali mbili tofauti, na grafu yake ni ya hali ya pili. Baadaye alirudia beti za Don Juan, shairi la Mwingereza Byron, alizokuwa amezikariri miaka 22 nyuma, wala hakuwa amezipitia tangu wakati huo, akapata akiba ya asilimia 7 hivi ikilinganishwa na beti mpya za shairi hilohilo.

Beti hizo za Byron zilimsaidia pia kuonyesha nguvu ya maana. Ubeti wake mmoja una mistari minane na mizani zipatazo 80, na Ebbinghaus aliumudu kwa marudio yasiyofikia tisa. Silabi zisizounganishwa na maana zilimgharimu mno: aliweza kushika silabi 7 kwa kuzisoma mara moja tu, lakini 12 zilihitaji marudio kama 17, 24 zilihitaji 44, na 36 zilihitaji 55. Alikadiria kwamba kukariri kitu chenye maana, chenye mapigo na vina, kunadai takriban sehemu moja ya kumi ya juhudi inayodaiwa na silabi zake.

Tokeo jingine linagusa kila anayejiandaa kwa mtihani. Ebbinghaus alikariri mfululizo wa silabi 12 kwa kuurudia mara 68 kwa mkupuo, na siku iliyofuata alihitaji marudio 7 tu ili kuumudu tena. Kisha akagundua kwamba marudio 38, yakitawanywa katika siku tatu zilizotangulia, yalimfikisha karibu palepale. Tofauti hiyo ni kubwa, maana ni karibu nusu ya kazi iliyookolewa kwa kubadilisha ratiba peke yake, na utafiti uliofuata kwa zaidi ya karne moja umeithibitisha mara nyingi kwa watu tofauti na kwa masomo tofauti. Kwa hakika hapa ndipo matokeo yake yanapotumika kwa usalama zaidi kuliko zile asilimia za kusahau: atakayesoma kidogo leo, akarudia kesho na keshokutwa, atabaki na kingi kuliko anayesoma kwa saa hizohizo usiku mmoja.

Maisha yake ya baadaye yalikuwa ya kujenga taasisi kuliko kuendeleza majaribio yake. Alipanda cheo kuwa profesa huko Berlin mwaka 1886, na mwaka 1890 alianzisha pamoja na Arthur König jarida la saikolojia na fiziolojia ya hisi. Mwaka 1894 alihamia Breslau, mji ambao leo ni Wrocław nchini Poland, na huko, katika uchunguzi wa uchovu wa wanafunzi wa shule za mji huo, alibuni jaribio la kujaza nafasi zilizoachwa wazi katika matini, aina ya swali ambayo wanafunzi wetu wanaijua vizuri hadi leo. Alihamia Halle mwaka 1905 na kufariki huko kwa homa ya mapafu tarehe 26 Februari 1909, akiwa na umri wa miaka 59.

Lawama kubwa juu ya kazi yake ilitoka kwa mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett, ambaye mwaka 1932 alidai kwamba kuondoa maana katika majaribio ya kumbukumbu ni kuondoa kile ambacho kumbukumbu ya watu hutegemea zaidi, kwa kuwa watu hukumbuka visa na habari kwa kuvijenga upya kulingana na wanayoyajua tayari. Lawama hiyo ina uzito, ila haifuti kazi ya Ebbinghaus. Alichokitafuta kilikuwa njia ya kupima jinsi miunganisho mipya inavyoundwa na kudhoofika pale ambapo mtu hana cha kuegemea, na njia hiyo ilipatikana. Suala la mtu mmoja kujijaribu mwenyewe lilirudiwa mwaka 2015, wakati Jaap Murre na Joeri Dros wa Amsterdam walipochapisha jaribio lililofuata utaratibu wake kwa ukaribu, tena likiwa na mshiriki mmoja aliyetumia saa 70 kukariri na kukariri upya. Asilimia zilikuja karibu na zile za 1885. Waliona pia kwamba mstari unainuka kidogo kwenye alama ya saa 24 kuliko fomula laini inavyotarajia, jambo wanalodhani linaweza kuhusiana na usingizi.